Kishikio cha Taya Nne

Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu
Februari 11, 1991

Mwanangu Zakia,

Assalaam aleikum. Huku tunaendelea na baridi yetu na mvua yetu, na tukiacha macho yangu hakuna anayelalamika. Shangazi yako Rehana anaendeleaje na ule mguu? Mwambie kaka yake anamsalimu na bado anakumbuka ile pilipili ya kukaanga aliyoahidi tangu mwaka juzi.

Usishangae kuona mwandiko mgeni. Hii ni kalamu ya Prisca, muuguzi wa hospitali ya Makandana, aliyepanga chumba cha uani kwetu. Mimi nasema, yeye anaandika. Jicho la kulia limeziba kabisa, la kushoto linaona mwanga na vivuli tu. Prisca anasema ni mtoto wa jicho, hupasuliwa. Mimi nimemwambia jicho langu halijamkosea mtu hata lipasuliwe. Ameliandika hilo huku amenuna.

Sasa sikiliza. Mashine ya kukereza mbao nimeiacha tangu mfungo sita. Patasi ilinichomoka mkononi ikapita karibu na shingo, nikajua basi. Kazi ataishika mdogo wako Naseeb. Lakini watu hawataki tena miguu ya vitanda. Siku hizi vitanda vya chuma vinashushwa sokoni kila wiki, vimepakwa rangi. Wanachotaka ni mabakuli. Mchungaji Ambilikile wa Ikuti ameagiza kumi na mawili ya kukusanyia sadaka, anataka ya mparachichi. Na wewe unajua, bakuli huwezi kulishika kwa ncha mbili kama mguu wa kitanda. Tukilipigilia skrubu kwenye sahani ya chuma linabaki na matundu kwenye kitako, na sadaka ni senti, zitapita.

Nasikia huko Dar siku hizi kila kitu kinaingia. Nitafutie kishikio cha taya, kile cha kufunga mbele ya mashine kikabana mti chenyewe. Nimekandamiza ncha ya mashine kwenye kipande cha sabuni ya mche ili upate alama ya uzi wake, ile mikunjo ya skrubu, nimempa Amoni, utingo wa basi, akuletee. Naseeb hawezi kuchagua kitu hicho. Wewe unaijua mashine.

Ni mimi baba yako,
Saad


Magomeni, Dar es Salaam
Machi 5, 1991

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Waaleikum salaam wewe na dada Prisca aliyeshika kalamu. Mimi ni mzima. Shangazi mguu umepungua uvimbe, na anasema pilipili aliahidi kwa mtu mwenye adabu.

Macho yako yameniliza, baba. Sitasema mengi, ila naomba umsikilize Prisca.

Sabuni imefika. Amoni aliifunga kwenye gazeti akaiweka juu ya injini, siku mbili. Imekauka imenywea mpaka uzi ule unaingia nati ya baiskeli. Kama ningenunua kwa alama hiyo ningekuletea kishikio cha kufungia mdoli. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mti mbichi ukikereza leo, kesho umepinda. Sabuni nayo ni hivyo hivyo.

Hata hivyo nimekwenda kwenye maduka ya vyuma ya mtaa wa Gerezani kuangalia. Wauzaji walidhani nimepotea njia, mmoja akanionyesha duka la vyombo. Nikamwambia anishushie vishikio vyote alivyo navyo. Kipo cha taya tatu zinazosogea pamoja. Hicho ni cha mafundi chuma, kinabana kwa nguvu za kijinga, mti kinauacha na makovu. Kipo cha taya nne, lakini kila moja ina skrubu yake, utahangaika nusu siku kuutia mti katikati. Na kipo cha tatu, kilitoka kwenye kontena la vitu vilivyotumika Ulaya. Taya nne, zinasogea zote pamoja, zimechongwa kwa ajili ya mti hasa. Unaweza kulishika bakuli kwa nje ya kitako, au ukachimba kishimo kidogo kwenye kitako taya zikatanuka kwa ndani. Bila skrubu, bila tundu. Nilikizungusha kwa mkono mpaka mwenye duka akaanza kukohoa. Hicho ndicho chetu.

Baba, nimesema chetu. Ngoja niseme yote. Eda yangu imekwisha tangu Desemba. Hapa kwa shangazi nashona mito ya makochi na sijamchukiza mtu, lakini mikono yangu haina kazi yake. Nilikuwa na miaka tisa uliponisimamisha juu ya kreti la soda nikashika patasi, na ukasema mbele ya mama, Mungu amrehemu, kwamba mti unanisikia. Nilipovunja ungo ukaniambia niingie jikoni, na kreti ukampa Naseeb. Sikukulaumu. Sasa mimi ni mtu mzima niliyeachwa, sina mtoto, sina nyumba. Nipe mashine, baba. Niruhusu nije nikereze hapo hapo nyumbani. Naseeb hapendi ile kazi, hata wewe unajua.

Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Zakia


Bagamoyo, Tukuyu
Aprili 22, 1991

Mwanangu Zakia,

Salaam na mkono wa Idi, japo umechelewa. Tulifunga salama na tumefungua salama.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafikiri. Mashine ni ya Naseeb. Babu yangu alikuja nazo hizi patasi kutoka Pangani akamkabidhi baba yangu mbele ya watu, baba akanikabidhi mimi mbele ya watu. Hakuna mwanamke katikati. Karakana yetu ipo barabarani, kila anayekwenda sokoni anachungulia. Mwanamke ameinama pale, vumbi la mti hadi kwenye nyusi, watu watasema Saad kashindwa kumlisha binti yake.

Lakini njoo. Njoo umfundishe mdogo wako kukereza mabakuli, mimi siwezi tena kumwonyesha. Na uchukue kipimo cha uzi kwa mkono wako.

Prisca anasema nikuambie kwamba yeye anaandika tu.

Baba yako,
Saad


Magomeni, Dar es Salaam
Septemba 14, 1991

Baba yangu,

Shikamoo. Nilifika salama na nakutakia afya, wewe na nyumba yote. Shangazi amenenepa, na mguu sasa anausahau mpaka akiona ngazi.

Najua nimekawia kuandika. Tangu niondoke huko mwanzoni mwa Agosti nilikuwa na hasira, na barua ya hasira huwa haina adabu. Sasa imepoa kidogo, basi nisikilize.

Nilikuja miezi mitatu. Nilimfundisha Naseeb kusimama, kunoa patasi, kusikia mlio wa mti unapotaka kupasuka. Hakushika hata kimoja, na sikumwonea. Alikuwa anaangalia barabarani. Mabakuli ya Mchungaji niliyakereza mimi, yote kumi na mawili, kwenye sahani ya chuma, nikaziba matundu ya skrubu moja moja kwa vijiti vya mti ule ule mpaka hayaonekani. Mlango mliufunga ili watu wasinione. Nilikubali. Mchungaji alipokuja kuyachukua nilikuwa jikoni nachuja chai. Nilimsikia anayageuza, anasema kwa Kinyakyusa ndaga fijo, asante sana, hii mikono imebarikiwa, ni ya nani? Ukajibu, ya mwanangu Naseeb.

Nikasema moyoni, basi, ni mzee, ameteleza. Ijumaa iliyofuata ukaita majirani baada ya sala. Ukatoa patasi za babu kwenye kitambaa, ukamkabidhi Naseeb mashine na kila kilichomo mbele ya watu arobaini. Pilau waliyokula nilipika mimi. Uliwaambia Zakia amekuja kututembelea kidogo. Mimi nilikuwa na vumbi la mparachichi kwenye kucha, baba. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na sinia.

Nimesema. Sitarudia.

Kishikio nimekinunua. Kipimo cha uzi nilitoka nacho huko, nati kubwa iliyokaa sawasawa kwenye uzi wa mashine, nami nikailinganisha na kishikio dukani mara tatu. Nimekisafisha, nimekipaka mafuta, taya nimezikutanisha kabisa ili zisigongwe njiani. Amoni amekibeba mwenyewe, nimemkataza kukiweka juu ya injini. Mwambie Naseeb asianze na mti mkubwa. Akaze, azungushe kwanza kwa mkono, asivae shati la mikono mirefu. Kitu hiki kikimkamata mtu hakimwachii.

Nimekituma kwa sababu ni kizuri na kwa sababu ni mashine yetu. Ikiwa haitakuwa yangu, basi angalau ifanye kazi.

Mwanao,
Zakia


Bagamoyo, Tukuyu
Desemba 2, 1991

Mwanangu Zakia,

Assalaam aleikum. Sisi wazima. Mvua ni nyingi, ndizi zimeanguka sana kule Ikuti kwa upepo.

Kishikio kilifika salama, Mungu akuzidishie. Naseeb alikifunga siku ile ile. Kinabana sawasawa. Anafungua taya, anatia mti, anakaza, anakereza, mashine haitikisiki hata kidogo. Ameshafanya mabakuli zaidi ya thelathini na watu wanauliza kama yametoka Dar. Ulichagua vizuri. Mimi hukaa mlangoni nikasikiliza mlio wake, nafurahi.

Usiwe na wasiwasi na huku. Msalimie shangazi yako.

Baba yako,
Saad


Magomeni, Dar es Salaam
Januari 9, 1992

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tuko salama.

Barua yako nilimsomea shangazi, tukafurahi wote. Niliirudia peke yangu mara nne. Nilikuwa nakuona umekaa mlangoni unasikiliza.

Juzi nilikuwa natafuta bobini kwenye droo ya cherehani. Chini ya vipande vya vitambaa nikashika chuma baridi. Ni ufunguo wa kishikio, baba. Ule wenye mpini wa kukingama, unaoutia ubavuni mwake ukazungusha taya zikafunguka. Nilikuwa namwonyesha shangazi jinsi taya zinavyosogea kabla sijamkabidhi Amoni, nikauweka hapo, nikausahau.

Taya nilizikutanisha kabisa. Bila ufunguo huu hazifunguki hata upana wa ukucha. Haiingii njiti ya kiberiti, sembuse gogo la mparachichi. Ufunguo wake hauuzwi Tukuyu wala Mbeya, na fundi yeyote angekipokea hivyo angeniletea kelele kwa basi la siku ya pili. Nyinyi mmekaa nacho miezi mitatu mnaniambia mabakuli thelathini.

Nilitaka kuamini kwamba Naseeb ametengeneza ufunguo wake. Halafu nikakumbuka Naseeb ninayemjua.

Dada Prisca, wewe ndiye uliyeandika na wewe ndiye unayesoma sasa. Katika barua ile hukununa mahali popote, nilipaswa kushtuka.

Baba, nini kimetokea kwenye mashine? Niambie ukweli wote, hata ukiwa mbaya. Mimi nimevumilia kuachwa, nimevumilia jikoni, nimevumilia kuitwa mgeni nyumbani kwetu. Uongo kuhusu kazi ile siwezi. Kazi ile ndiyo kitu pekee ulichowahi kunipa bila kunidanganya.

Zakia


Bagamoyo, Tukuyu
Juni 17, 1992

Mwanangu Zakia,

Salaam nyingi. Sitauliza hali kwanza, nikiuliza nitapata sababu ya kukwepa.

Barua yako ina miezi mitano chini ya mto wangu. Prisca ameisoma mara tatu kwa sauti, na mara ya tatu aliniambia, Mzee Saad, sitaandika tena uongo wako, tafuta mtu mwingine. Yeye hana kosa. Ile ya Desemba aliiandika akilia, mimi nikasema ni mafua.

Mashine haipo. Naseeb aliiuza wiki mbili baada ya wewe kuondoka. Walikuja watu kutoka Mbeya na Isuzu, wakaifungua vipande, mota mbali, kitanda chake cha chuma mbali. Nilisikia nyundo nikatoka nikipapasa ukuta. Nikamwambia acha. Akasema, baba, si ulinikabidhi? Watu arobaini wamekula pilau. Ningesemaje? Aliyoyasema ni kweli. Ningekuwa nimeiacha kwa jina langu, ningelala juu yake wasiibebe. Patasi za babu yako zilikwenda kwenye gunia lile lile. Yeye sasa yuko Tunduma, anauza mitumba. Simlaumu sana. Nilimpa kitu ambacho hakukiomba.

Kishikio chako kilifika kwenye chumba kitupu. Amoni alikiweka mapajani pangu nikakaa nacho mpaka adhuhuri. Nilikipapasa chote. Ni kizuri kama ulivyosema. Nilisikia taya zimekutana, sikujua kama zinahitaji ufunguo, vya namna hiyo sijawahi kuvishika. Nikasema nitakuandikia ukweli kesho. Kila kesho nikawa naogopa kwamba ukijua hutarudi tena hapa.

Sasa lililo zito. Mimi nilijua, Zakia. Tangu ukiwa juu ya lile kreti nilijua kwamba mkono wa kukereza ulikuja kwako, haukwenda kwa Naseeb. Nilipomjibu Mchungaji, sikuteleza. Nilikusikia jikoni, nilisikia kijiko kimesimama. Nilijua unasikia na bado nikasema Naseeb. Niliona haya mbele ya mtu mgeni kwamba anayenilisha heshima ni binti aliyeachwa. Ni haya hiyo tu, hakuna kingine, nimeitafuta sababu nyingine miezi yote hii sikuipata.

Jumapili iliyopita nilimwomba Prisca anipeleke Ikuti. Tulipanda gari la majani ya chai. Tulisubiri nje ya kanisa mpaka wakatoka, nikamwomba Mchungaji Ambilikile anisimamishe mahali watu wananiona. Nikawaambia mabakuli wanayotolea sadaka ni kazi ya Zakia binti Saad, kila moja, na kwamba nilimdanganya mchungaji wao. Wapo waliocheka. Mama mmoja mzee, Atuganile, alinishika mkono akasema kwa Kinyakyusa maneno ambayo Prisca amekataa kunitafsiria. Nadhani alinitukana, na nilistahili.

Mkereza wa nyumba hii ni wewe. Ningependa kulisema wakati kuna mashine. Nimelisema wakati hakuna. Kishikio kipo hapa, kwenye sanduku la mama yako. Njoo ukichukue, au niambie nimpe Amoni. Au njoo tu.

Nisamehe, mwanangu.

Baba yako,
Saad


Bagamoyo, Tukuyu
Septemba 30, 1992

Zakia mwanangu,

Assalaam aleikum. Hii ni barua ya nne tangu Juni, na jibu lako sijalipata hata moja. Kishikio nilikutumia na ile ya pili, na Amoni anasema alikupa mkononi mwako, mlangoni kwa Rehana, ukakipokea, ukaweka barua mfukoni bila kuifungua. Anasema umekonda kidogo lakini unatembea vizuri. Nimemfanya arudie habari hiyo kila basi likirudi, mpaka sasa akiniona barazani anapitia upande wa pili.

Sitasema tena nisamehe, nimelisema mpaka Prisca ameniambia linachosha. Hospitali wamenipima macho, wanasema nilichelewa, la kushoto nalo limekwenda na kulipasua hakutasaidia. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu zamani ungekuwa wa kwanza kujua.

Kama una neno, hata likiwa la matusi, lilete. Na kama huna neno, nakuomba kitu kimoja. Kunja karatasi tupu uitie kwenye bahasha, uandike jina langu juu, umpe Amoni. Mimi nitaipapasa, nitaiweka kifuani. Sioni, sitajua kama imeandikwa au haikuandikwa. Atakayejua ni Prisca, naye nimemwapisha asiniambie.

Ni mimi,
Baba yako